Fundi Nahashon Charo na Mvumo wa Miaka Mitatu

Tarehe 31 Desemba 1989, Fundi Nahashon Charo wa Jilore anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Hoteli ya Mvinje, Malindi. Aliajiriwa kutunza jenereta. Jenereta nayo ilimla masikio, hata sauti nene za chini hazisikii tena. Hilo sote tulilijua, na adabu ikatuzuia kulitaja.

Ametengeneza redio, feni, kengele za vyumbani na, mara moja, meno ya bandia ya mgeni, yaliyodumu hadi mgeni alipoondoka. Lakini tutamkumbuka zaidi kwa mashine ya CD ya ukumbini. Ililetwa mwaka 1986, na hazikupita wiki sita hewa ya chumvi ikala sehemu yake ya kutolea sauti. Vipuri havikupatikana Malindi wala Mombasa.

Nahashon alitueleza, kwa subira kuliko tulivyostahili, kwamba diski hubeba tarakimu tupu. Ndani mna kidude kinachozigeuza kuwa umeme wa sauti, nao ni dhaifu, sharti upokewe na kukuzwa. Kazi hiyo akazipa valvu mbili, zile taa za kioo za redio kuukuu, zilizotupwa stoo. Jaribio la kwanza alisahau kapasita ya kuzuia umeme mkali wa valvu usitoke pamoja na muziki. Spika mbili zilifuka moshi mbele ya wakurugenzi, wakati wa supu. Jaribio la pili liliimba. Mgeni mmoja alikwenda kumtafuta mwimbaji nyuma ya pazia.

Taabu ni kwamba iliimba huku ikivuma, mvumo mdogo wa chini usiokoma. Masikio ya kupimia yalikuwa ya Mueni, mkuu wa dobi. Kila Nahashon alipomwita na kumuuliza kama sauti ni safi, Mueni alijibu kuwa ni safi kabisa. Hakuwa na moyo wa kumvunja mzee wa watu. Nasi wa mapokezi tukawa tunawakalisha wageni mbali na spika. Mshale wa mita yake ya kupimia umeme wa sauti ulimwambia Nahashon ukweli kila siku. Yeye akaifungua mita hiyo mara tatu akitafuta ugonjwa wake.

Mwezi huu alichora mchoro wa mtambo wake ili watakaokuja wajue kuutengeneza, kisha akakataa kuutia sahihi. Alisema hawezi kuweka jina lake mahali ambapo mita na Mueni hawapatani. Karatasi ilikaa mezani siku tatu. Siku ya nne Mueni alikwenda karakana, akatoa shikamoo, akasema ukweli wote, akalia kidogo. Nahashon akaiomba mita radhi. Akazisokota nyaya za kupashia valvu moto, ambazo ndizo zilizokuwa zikivuma, akazisogeza mbali na njia ya sauti. Ilikuwa kazi ya dakika arobaini, na sisi tulimnyima kwa miaka mitatu. Naona haya kuliandika hili.

Alipomuuliza Mueni, Mueni alisikiliza sana, akasema bado pana mvumo kidogo. Nahashon alifurahi mno. Akazisogeza tena, akauliza tena, na safari hii Mueni akasema ni safi. Mita ilikuwa pale pale mezani. Hakuitazama. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

Fundi, ahsante, na utuwie radhi. Tunakuombea afya na utulivu huko Jilore, na kila utakayemuuliza akujibu kweli.

Abdillahi Amin, Mapokezi