Saa Kumi ya Wapi?

Kijiwe cha Osea kipo Tunduma, hatua chache tu kutoka mpaka wa Zambia, pale malori yanapopanga foleni tangu alfajiri, na benchi lake ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Kahawa ni ya Mbozi, anaikaanga mwenyewe, na wanaokuja kuinywa wanajua kila kitu, hata ambacho hakijatokea. Jumamosi hiyo Osea hakutulia. Alichochea mkaa usiohitaji kuchochewa, akasuuza vikombe visafi, na kila dakika mbili akatoa simu kuangalia saa. Sababu, jamani, ilikuwa imebandikwa ukutani mbele yao: MHADHARA WA NYOTA. ULIMWENGU ULIANZA LINI? UKUMBI WA SHULE NYUMA YA STENDI, SAA KUMI JIONI. BURE! Jina la mhadhiri halikuandikwa, lakini Osea alilijua. Ni Tumpe, binti yake wa pili, aliyemwambia asubuhi ile: "Baba, njoo ukae mbele. Nikikuona sitatetemeka." Naye akajibu "tutaona," jibu la mtu mwoga, maana yeye ni mzee wa kanisa, na benchi lake tangu juzi lilikuwa linamwita mhadhiri huyo mganga.

— Anasafisha nyota, nakwambia! alisema Ferdinand, wakala wa forodha, ambaye kijiweni wanamwita Waziri. Nyota ya mtu ikichafuka, lori lake linaganda Tunduma wiki mbili. Mimi naenda na makaratasi ya mzigo, anisomee.

— Mhadhara si uganga, Waziri, alisema Watson, fundi redio, maarufu Kompyuta. Mhadhara ni dini. Wanafunga spika mbili, wanabishana vitabu, mwisho wanarushiana viti.

— Sasa nyota zinabishana na nani?

— Si ndiyo twende tukasikie!

Osea alimimina kahawa, ikafurika mpaka sahanini.

— Na wewe mzee wa kanisa, utaenda? Waziri akamuuliza.

— Mimi nina kazi hapa, alisema Osea, akajichukia papo hapo.

Damiano, utingo wa lori, mkubwa wa mwili kiasi cha kuitwa Tani Kumi, akajongeza kikombe chake.

— Nyie mnahangaika na nyota za juu. Kile kimondo chetu cha Mbozi, lile dude la chuma lililoanguka toka juu, mnakijua vizuri? Kilikuwa pacha. Mwenzake kaangukia ng'ambo, wakamfukia kimyakimya. Ndiyo maana shaba ya Zambia haiishi!

— Acha fiksi, Tani Kumi!

— Fiksi? Nenda kachimbe basi.

— Sikieni sayansi, alisema Kompyuta, akasimama kabisa. Kwa nini Zambia wako nyuma yetu saa moja? Kwa sababu ulimwengu ulianzia huku. Kule ukafika baada ya saa moja. Basi, mhadhara umeisha.

— Weee! Damiano akapiga paja. Ndiyo maana! Mimi kila nikivuka napata saa moja ya bure. Nimevuka miaka kumi na moja. Niliosoma nao wote wana mvi, nicheki mimi!

— Na ukirudi huku? Osea alijikuta ameuliza.

— Nikirudi nakuwa nimelala garini. Haihesabiki.

Benchi zima likacheka mpaka ubao ukayumba. Osea hakucheka. Alitoa simu tena: saa tisa na dakika ishirini na tano. Bado kuna muda, alijiambia. Aliomba hawa watu waondoke, achepuke peke yake, mtu asimuulize anakwenda wapi. Lakini nani aliwahi kuwaondoa hawa kabla birika halijakauka?

Ndipo akaja mama mmoja anahema, aproni ya jikoni bado kiunoni.

— Shikamooni. Mimi Restuta, napika pale shuleni. Samahani, sasa hivi ni saa ngapi?

— Saa tisa na nusu kasoro, alisema Osea upesi.

— Saa kumi na nusu kasoro, alisema Waziri.

— Yangu inasema tisa, alisema Kompyuta.

— Yangu ilisema kumi, sasa imebadilika yenyewe! alisema Damiano, akiitikisa.

Pale kijiweni simu hukamata mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na saa inarudi nyuma bila kumuuliza mwenye simu. Kila mtu wa mtaa analijua hilo, na kila mtu hulisahau. Osea hakuwahi kulijali, maana mnywa kahawa haji kwa saa. Sasa wale waliojua ulimwengu ulianzia upande gani wakabaki wanatazamana, simu mkononi, kila mmoja na saa yake.

— Tumpe kasema mtabishana hivyo hivyo, alisema Restuta. Ukumbi umejaa, mkuu wa shule anakohoa, na yeye kagoma kuanza. Kawaambia watu, tunaanza saa kumi ya simu ya baba yangu.

— Baba yake nani? aliuliza Waziri.

Osea aliweka birika chini.

— Mimi, alisema. Huyo mnayemwita mganga ni mwanangu. Nimemwonea aibu tangu juzi, na yeye ananisubiri.

Waziri aliweka kikombe chini polepole.

— Sasa mbona ulituacha tumseme, mzee?

Osea alimwaga maji kwenye mkaa, moshi ukapanda, akafunika birika.

— Kahawa imeisha.

— Imeisha wapi? Damiano akalalamika. Birika limejaa!

— Nimesema imeisha. Inukeni, mbebe hilo benchi. Ukumbi umejaa, mnadhani mtakaa wapi?

Wakalibeba, Damiano mbele, wale wawili nyuma, wakipenya katikati ya malori. Osea alikuwa ameshatangulia, birika mkono mmoja, simu mkono mwingine, nayo bado inasema saa tisa.