Orville Tabor, Aliyeondoa Theluji ya Kwake Mwisho

Marehemu Orville Anselm Tabor, mwana wa Anselm aliyechonga barabara ya Kijito cha Mierezi kwa sururu na baruti, mjukuu wa Hedda aliyetoa shamba lake ijengwe shule yetu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Tamrick, Oregon.

Alisoma katika shule hiyo ya bibi yake hadi mwaka 1966. Msitu unaotuzunguka ulikuwa wa serikali kuu, kama ulivyo leo, na serikali hailipi kodi ya ardhi. Lakini magogo yakiuzwa, fungu lilirudi kwetu kwa shule na barabara. Halikuwa la kuombwa. Lilikuwa haki.

Mwaka uleule akaajiriwa na kaunti kuendesha greda ya kusawazisha barabara na kuondoa theluji, akaiendesha mpaka alipostaafu. Theluji ikianguka alikuwa na utaratibu wake: kwanza njia ya basi la shule, halafu wazee na wajane, kwake mwisho. Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Arlene Voss, naye Arlene alichoka mapema na kusafishiwa njia mwisho.

"Mume wangu, kuku wa jirani wanatoka nje kabla yangu."

"Kuku hawana la kufanya, mke wangu. Wewe una maneno ya moto, theluji itayeyuka yenyewe."

Wiki nzima hakuonja pai ya Arlene.

Baadaye ukataji wa miti ukabanwa, na haki ikageuzwa hisani, ya kupigiwa kura na wabunge wa Washington wakijisikia. Mwaka jana muda wa hisani hiyo uliisha, wakaenda likizo bila kuipigia kura. Msitu wameushika, mkono wa kutoa wameukunja. Shule yetu sasa hufunguliwa siku nne kwa wiki. Greda imeegeshwa, haina dereva. Orville, na uzee wake, akafunga jembe la theluji kwenye trekta lake mwenyewe. Msaidizi wa mbunge mmoja alipokuja kupiga picha, akamwuliza, "Babu, unajitolea?"

"Sijitolei, kijana. Nafanya kazi yenu."

Moyo ulianza kumsumbua Novemba. Jumanne tarehe 14 Januari 2025 alisafisha njia, basi likapita, wajane wakafunguliwa njia. Alipofika langoni kwake kifua kikambana, akatembea ndani ya theluji ya magotini hadi jikoni. Gari la wagonjwa lilikwama langoni. Wahudumu walikuja kwa miguu, wakamkuta ameshaaga. Wapo wanaosema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuiegesha ile greda.

Ameacha mjane wake Arlene, dada yake Wilma, mwanawe Kermit, binti yake Lorna ambaye ni dereva wa basi la shule, na wajukuu watano. Alale salama, amechoka kwa ajili yetu.

Siku ile Lorna alifika kabla ya gari la wagonjwa. Baba yake alimwekea ufunguo wa trekta kiganjani. "Kesho itaanguka tena. Anza na shule. Na wale wa Washington wakikuletea shukrani, mwanangu, zirudishe. Waambie tunataka fungu letu."