Mieneke Verhallen wa Kona ya Soksi

Ijumaa hii, tarehe kumi na moja Julai, Mieneke Verhallen anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika Duka la Viatu la Teunissen, hapa Nijmegen. Siku hiyo ameichagua mwenyewe. Jumanne inayofuata yanaanza Matembezi ya Siku Nne, ambayo kila Julai hujaza mji huu watembeaji, raia na askari, na meneja alimsihi abaki wiki moja tu, hadi wageni waondoke. Alijibu kwamba hiyo "wiki moja tu" ameisikia tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, kisha akaendelea kukunja masanduku.

Alianza kwa kuuza kamba na rangi za viatu. Baadaye akapewa kona iliyo chini ya ngazi, kona ya soksi, ambayo hapakuwa na mtu aliyeitaka. Wateja walikuwa wakihangaika nusu siku na viatu, halafu soksi wakizitupia kapuni kama mtu anayenunua kiberiti. Jambo hilo lilimkera. Akaanza kuwaeleza, watake wasitake, kwamba lengelenge halitokani na urefu wa safari bali na ngozi yenye jasho inayosuguliwa. Vaa soksi nyembamba ndani na nyingine nene juu yake, zisuguane zenyewe, ngozi ibaki na amani yake. Pamba aliipiga marufuku kwa sababu hunywa jasho na kukaa nalo. Alitaka sufu laini au nailoni, inayobana mguu pasipo mkunjo hata mmoja, na mshono wa vidoleni ukiwa umegeuzwa nje.

Mpole hakuwa. Sajini mmoja aliyekuja kununulia kikosi kizima soksi za saizi moja alirudishwa kambini akachore miguu ya askari wake kwenye karatasi, na siku ya pili akarudi na mafurushi ya michoro. Sisi wenzake tunaukumbuka zaidi mkebe wake wa biskuti: unapata moja kwa kikombe cha kahawa, kisha unausikia mfuniko ukifungwa. Hata siku ya kuzaliwa kwake mfuniko ule haukuchelewa.

Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia hapa ni ule wa Toon Derksen na binti yake.

Toon alikuwa fundi mstaafu wa tanuri katika kiwanda cha matofali kando ya mto Waal, mzee wa miaka sabini na tisa aliyetembea Siku Nne mara nyingi kuliko alivyotaka kutaja. Alisema huo ndio mwaka wake wa mwisho, na binti yake Hanneke akaamua kwenda naye. Hanneke alikuja dukani kununua soksi, akamweleza Mieneke sababu bila kuficha. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba hakuwahi kumzungumzia tena. Nyumbani mzee aliongea na redio. Labda barabarani, siku nne bega kwa bega, angefungua mdomo.

Mieneke alimchagulia soksi za ndani nzuri kabisa. Akazijaribu katika viatu vya dukani, maana vya Hanneke vilikuwa nyumbani. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo lingeweza kumpata yeyote katika mji huu. Sote tumelelewa na amri moja: usianze Siku Nne na viatu vipya. Basi Mieneke akamwambia Hanneke avae vyake vya zamani, vilivyokwisha kuujua mguu. Viatu hivyo vilimkaa sawasawa akiwa na soksi moja, na alipoongeza ya pili, nafasi ikaisha.

Siku ya tatu, katika vilima vya Groesbeek, vidole vya Hanneke vilikuwa vimechunika na visigino vimejaa malengelenge. Wahudumu wa hema la huduma ya kwanza wakamkataza kuendelea. Alimwomba baba yake aendelee. Mzee alikaa kwenye nyasi, akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata utepe wa mshiriki uliokuwa mkononi mwake, naye akawa amejitoa. Walirudi kwa basi, na Hanneke anasema katika safari nzima hawakusemezana.

Wiki iliyofuata alikuja dukani akiwa amevaa ndara. Hakupiga kelele.

"Bi Mieneke, ulinichagulia vizuri," alisema, "ila hukukitazama kiatu changu. Baba alikuwa ameanza kuongea."

Ningekuwa mimi ningejitetea. Mieneke alisema kosa ni lake, akaomba kuiona miguu. Siku ile hakugusa kahawa. Asubuhi ya pili alitukusanya wafanyakazi wote, akatusimulia kosa lake, na tangu hapo katika duka hili hakuna anayeuziwa soksi ya ndani asipoleta kiatu atakachotembea nacho. Wengi wenu, wateja wetu, mmeikuta sheria hiyo na kuinung'unikia. Sasa mnajua ilikotoka.

Kazi ngumu ilikuwa kumrudisha Toon kwenye matembezi. Mzee alisema alikwisha kuaga, na mtu haagi mara mbili. Mieneke alikwenda nyumbani kwake mwezi wa Februari, bila mwaliko, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Chini ya kwapa alikuwa na sanduku la viatu vya Hanneke, vipya, vikubwa kwa nusu saizi.

"Mpaka Julai vitakuwa vimezeeka," alimwambia. "Wewe je, utakuwa umezeeka kiasi cha kushindwa?"

Toon alimwambia ana ulimi mkali, kisha akamkaribisha ndani. Kila Jumapili ya majira yale ya baridi, Mieneke alitembea na Hanneke juu ya tuta la mto, mvua ikiwapiga ubavuni. Wakijaribu hii ya sufu, wakiacha ile ya nailoni, wakipunguza unene wa soksi ya juu. Wakifika mwisho Hanneke alivua viatu, na Mieneke akapapasa kisigino kwa kidole gumba, akitafuta pale ngozi inapoanza kuwa ya moto.

Julai wakamaliza, baba na binti, siku zote nne. Toon akafariki majira ya baridi yaliyofuata, na baada ya mazishi Hanneke akaja dukani. Nilikuwa juu ya ngazi napanga masanduku, na nilisikia kila neno.

"Hatukuzungumzia miguu hata mara moja," alimwambia Mieneke. "Alinieleza jinsi mama alivyokuwa akicheka. Alijaribu kuniigizia kicheko chake, pale pale barabarani, mbele ya watu. Sasa nakijua."

Mieneke alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, na Hanneke akakaa karibu yake. Nilishuka nikafunga mlango wa duka, mchana kweupe, na meneja hakuniuliza kitu.

Mieneke, tunakushukuru kwa yote, hata kwa ukali wako. Pumzika vizuri, na afya njema ikufuate. Na jioni hizi za kiangazi, ukikaa uani na watoto wako, waongeleshe, ucheke kwa sauti, ili nao wakijue kicheko chako.

Wouter Peelen, kwa niaba ya wenzako wa Teunissen