Mkate wa Mama Mkwe

Basi la Misigiri lilijaa harufu ya mkate, na Dorkas alikuwa amekwisha kumeza mate mara tisa. Mkate wenyewe ulikuwa mapajani mwa mama mmoja, wanawe watatu wakiukodolea macho.

“Tumetoka mjini kuliona tanuri jipya la ushirika, na huu ndio mkate wake wa kwanza,” mama huyo alimwambia mzee aliyeketi kando yake.

“Basi umege, mwanangu, tuonje!”

“Hapana, baba. Kitu kipya hulimbuliwa na mama mkwe; yeye ndiye wa kwanza kuonja.”

“Malimbuko ni ya shambani! Huu umevunwa wapi?”

“Kwani ngano huokotwa njiani?”

Dorkas, bila kuulizwa, alikuwa upande wa mzee.

Basi liliposimama Iguguno, mama akashuka na mkate wake, watoto nyuma, mzee nyuma yao akiendelea kubisha. Dorkas naye akashuka, ingawa kwao ni Misigiri.