Herufi Moja ya Dada Ufuta

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Dada Ufuta atafunga droo yake katika chumba cha nyaraka, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kazi katika kampuni hii. Amefanya kazi chini ya mameneja saba. Amepiga taipureta, ametuma teleksi, ameng'ang'ana na faksi iliyokuwa ikimeza karatasi, na sasa anatumia kompyuta, ambayo huigonga kwa kidole kimoja kana kwamba anabisha hodi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza ghala, niandike maneno haya, kwa sababu tuliokuwapo siku anaanza kazi tumebaki wawili, yeye na mimi.

Niseme ukweli kwamba mpaka wiki tatu zilizopita wengi wetu hatukuamini kwamba ataondoka. Fomu ya kuomba kuongezewa mwaka ilikuwa juu ya meza yake, imejazwa yote isipokuwa saini. Kwa upande mwingine, dada yake mkubwa anaishi peke yake, macho yamepungua nuru, na kila Jumapili humpigia simu kumuuliza swali moja: "Unakuja au huji?" Dada Ufuta alitaka sana kwenda. Lakini alikuwa ametuambia waziwazi kwamba hataondoka kabla hajapata mtu wa kukaa katika kiti cha pili. Kule kantini watu walikuwa wameshawekeana dau la soda, na waliosema atasaini fomu walikuwa wengi.

Ili wageni wetu waelewe habari ya kiti hicho, inabidi nirudi nyuma hadi mwezi wake wa tatu kazini.

Wakati huo alikuwa bado kwenye majaribio, na wadogo zake wawili walikuwa wakisoma kwa mshahara wake. Bosi wa usafirishaji, ambaye tulimwita Mzee, alikuwa bandarini, akapiga simu ambayo ilikwaruza kama redio mbovu. Opereta aliandika ujumbe kwenye kikaratasi: "Ufuta kontena tatu, meli ya Alhamisi." Maana yake kontena tatu za ufuta zipakiwe kwenye meli hiyo. Tatizo ni kwamba opereta yule alikuwa na mwandiko wa haraka, na herufi ya mwisho ya neno la kwanza ilijikunja. Dada akasoma "Ufute kontena tatu." Ameamriwa afute, naye ni mtu wa kutii. Akakaa kwenye taipureta, akamwandikia wakala wa meli barua ya adabu kabisa, yenye nakala mbili za kaboni, akifuta nafasi zetu zote.

Jumanne mchana nilipanda ngazi kwenda kumuuliza magunia yatolewe ghalani saa ngapi. Nikamwambia, "Ufuta unatoka lini?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Si umefutwa?"

"Nimeuliza ufuta, wewe unaniambia umefutwa. Umefutwa na nani?"

Hapo ndipo aliponyanyua kile kikaratasi, akakitazama, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni a," akasema, "si e."

Kwa wasioijua kazi yetu, niwaeleze kwa maneno yake mwenyewe, yale anayowafundishia wafanyakazi wapya. Yeye husema hivi: "Chukulieni muuzaji na mnunuzi kama wachumba wanaokaa mbali, hawajawahi kuonana. Huyu anaogopa kutuma mzigo asilipwe, yule anaogopa kulipa asiletewe. Benki ndiyo mshenga. Lakini mshenga huyu hana habari na sura ya bibi harusi. Yeye anataka karatasi, na karatasi zifanane na barua yake mpaka nukta." Barua ya benki ya safari ile ilitaka mzigo upakiwe kabla ya Jumamosi. Meli ikiondoka bila sisi, mshenga angefunga mlango, na mavuno ya kwanza ambayo chama cha wakulima kilituamini nayo yangebaki ghalani kwangu, yakisubiri panya.

Angeweza kukichana kile kikaratasi, na opereta angebeba lawama. Hakukichana. Alikiambatanisha na nakala ya kaboni, akaandika chini yake, "Nimekosea kusoma mimi," akaiweka juu ya meza ya Mzee. Kisha akatembea kwa miguu hadi ofisi ya wakala wa meli. Nafasi mbili zilikuwa bado wazi, ya tatu ilikuwa imeshachukuliwa na kampuni ya ngozi. Mama wa pale kaunta akamwambia kwamba wale wa ngozi hawajaleta karatasi za forodha, na wasipozileta kesho kabla ya saa sita mchana, nafasi hiyo ni ya atakayekuwepo. Siku ya pili Dada alikuwa kwenye benchi lao saa mbili asubuhi. Baadaye alituambia kwamba kila mlango ulipofunguliwa alisikia harufu ya ngozi, hata aliyeingia akiwa muuza magazeti. Saa sita ikapita dakika tano. Hakuna aliyekuja. Yule mama akapiga muhuri, akamwambia, "Haya binti, nenda ukale."

Mzee aliporudi alisoma yale maneno ya kukiri, halafu akamwita mbele yetu sote. "Binti, umenifutia ufuta wangu. Adhabu yako ni hii: mwezi mzima, hakuna karatasi itakayotoka humu kabla hujaisoma kwa sauti, na mwenzako akikufuata kwa penseli kwenye barua ya benki." Mwenzake huyo alikuwa karani wa faili. Akawekewa kiti upande wa pili wa meza. Adhabu ya mwezi mmoja imechukua miaka thelathini na minne, na jina la Ufuta likamganda hapo hapo. Hata vijana wanaolingana na wanawe humwita Dada Ufuta, naye huitika.

Karani wa faili ndiye aliyekuja kuwa mke wangu. Humu ndani mlimwita Mama Koma, kwa sababu alitaka alama zote zitajwe: koma, nukta, mabano fungua, mabano funga. Alikuwa akiweka kipande cha tangawizi shavuni ili sauti isikauke. Ghala liko chini ya chumba chao, na kwa miaka mingi nilipanga magunia nikiwasikia kupitia dari, mmoja akisoma na mwingine akimwambia, "Rudi, shoga, umekimbia." Wakipata kosa walicheka sana kuliko kosa lenyewe lilivyostahili.

Kazi za Dada Ufuta ni nyingi na programu hii ya sherehe ni fupi. Nitataja mbili tu ninazozipenda.

Ya kwanza ni ya magunia. Forodha ya nchi ya mnunuzi ilikataa cheti chetu cha asili, kile kinachothibitisha bidhaa imezaliwa nchi gani ili itozwe ushuru unaoihusu. Walisema ufuta si wetu, kwa kuwa magunia yalikuwa na jina la nchi nyingine kwa maandishi makubwa. Ni kweli, magunia tulikuwa tumeyanunua huko. Meneja wa wakati huo aliandaa kurasa nne za vifungu vya sheria. Dada akaomba aongeze sentensi moja mwishoni: "Gunia ni nguo tu, na mtu akivaa shati la mtumba hajabadilisha alikozaliwa." Mzigo ulipokelewa. Mnunuzi alituandikia baadaye kwamba sentensi hiyo ilisomwa kwa sauti katika ofisi yao ya forodha, na kwamba vile vifungu hakuna aliyevikumbuka.

Ya pili ni ya chupa. Siku moja alileta ofisini chupa ya mafuta ya ufuta aliyoinunua dukani, akaizungusha meza hadi meza ili kila mtu asome kibandiko. Mafuta yalitoka nchi ileile tunayoiuzia mbegu. "Mnamwona huyu?" akauliza. "Ameondoka hapa mbegu, amerudi mgeni, na sasa tunamlipia kiingilio." Mmoja akasema hiyo ndiyo biashara ya dunia, kila nchi inauza inachokiweza. Dada akamjibu kwamba ni sawa, lakini kuna siku na sisi tujifunze kuweza kingine. Chama cha wakulima kiliponunua mashine ya kukamua, miaka sita baadaye, cheti cha asili cha mafuta ya kwanza alikiandaa yeye. Alikisoma kwa sauti mara mbili, ya pili kwa raha zake tu.

Katika miaka yote hiyo, tangu ile adhabu, hakuna mzigo wetu hata mmoja uliokataliwa na benki kwa sababu ya karatasi.

Mke wangu alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Kuanzia wiki iliyofuata, Dada Ufuta alisoma peke yake. Alisoma akiwa kwenye kiti chake, kisha akazunguka meza, akakaa kiti cha pili na kusoma tena kwa penseli. Chini kule ghalani nilisikia viti vikiburuzwa. Meneja wetu wa sasa, ambaye ni mtu mwema, mwezi wa tano mwaka huu alimwambia asijichoshe, kwani mfumo mpya wa forodha hauruhusu karatasi yenye pengo. Dada akamjibu, "Mwanangu, mashine inajua kama umejaza. Haijui kama umekosea." Meneja akaondoka akiwa anajikuna kichwa. Baada ya siku chache akamleta Bwana Bima.

Bwana Bima ametoka idara ya bima, kama jina lake linavyosema, na ana umri wa miaka arobaini na mitano. Huongea kama mtangazaji wa mpira. Siku ya kwanza alimaliza hati ya shehena ya kurasa mbili kwa pumzi moja. Dada akamuuliza, "Nani kafunga goli?" Akamrudisha mwanzo. Wiki nzima tulisikia "taratibu, baba" na "koma hujaitaja." Ilipofika wiki ya pili Dada akaniambia kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, kwamba mtu huyu ana masikio mazuri lakini anamheshimu yeye kupita kiasi. "Nikikosea, atanyamaza. Ataona haya." Masikio hayo ndiyo yaliyokuwa yakiizuia saini ya kuongezewa mwaka, na aibu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizuia safari. Alikuwa anahitaji mtu wa kumsimamisha.

Ijumaa ile, wiki tatu zilizopita, nilikuwa mlangoni kwao na kibali cha kutoa mzigo. Dada alikuwa akisoma hati ya shehena, Bwana Bima akimfuata kwenye barua ya benki. Jina la mwenye mzigo, sawa. Jina la meli, sawa. Idadi ya magunia, uzito, sawa. Halafu Dada akanyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, kisha akaendelea na alama za magunia.

"Simama hapo, Dada," Bwana Bima akasema. "Umeruka mstari."

"Sijaruka."

"Umeruka. Bandari ya kushushia hujaitaja."

Mimi nililijua pengo lile. Majina ya bandari yalikuwa fungu la mke wangu. Tangu mwanzo ulimi wa Dada ulikuwa mzito kwenye majina ya kigeni, na mke wangu aliyafurahia, aliyatamka kwa madaha kana kwamba amefika. Sasa kiti kilikuwa na mtu tena, na Dada, bila kujua, alikuwa amemwachia marehemu nafasi yake asome.

Dada akarudi nyuma, akalisoma jina la bandari. Bwana Bima akatazama barua ya benki, akamtazama Dada, jasho likamtoka usoni.

"Hiyo siyo," akasema.

"Siyo?"

"Hiyo ni ya mwezi uliopita, mama yangu. Samahani. Lakini siyo."

Alikuwa sahihi. Jina la safari iliyopita lilikuwa limebaki kwenye hati, na karatasi hiyo ingefika benki ikiwa hivyo. Dada Ufuta alilipigia mstari, kisha akaweka penseli upande wa pili wa meza, mbele ya Bwana Bima. Akaniona pale mlangoni. "Umesikia, shemeji?" akaniuliza. "Amenisimamisha." Alicheka mpaka akavua miwani, na alipoivaa tena, alikuwa ameshaichana ile fomu ya kuongezewa mwaka vipande vinne. Jumapili hiyo simu ilipolia alikuwa na jibu.

Dada, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa juu na wa ghalani, asante. Asante kwa kila koma. Kwa niaba ya yule aliyekuwa akikufuata kwa penseli, ambaye leo angevaa gauni lake la kijani na kuongea kuliko mshereheshaji, asante zaidi. Yeye hakuwahi kurudi nyumbani akiwa amekuchoka.

Tunajua huko uendako utamsomea dada yako magazeti, barua, na hata maelezo ya dawa. Msomee utakavyo. Ruka mistari, kimbia, tamka majina ya mbali vibaya mpaka mcheke wote wawili. Maisha yako mapya yawe marefu na mepesi, na kila asubuhi ikukute ukiwa mzima, karibu na wako.