Mama Pumzi Aondoka Bila Kufungua Boneti

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha injini cha gereji yetu, Mama Pumzi alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini Juni. Mimi, fundi umeme wa meza ya jirani, hadi naandika haya bado nimeduwaa. Kustaafu kwake tulikutarajia. Namna alivyoondoka ndiyo iliyotuacha midomo wazi.

Alianza kwa kuosha vipuri. Haukupita muda akawa ndiye anayefungua injini za wateja wanaotaka magari yao yakimbie kuliko yalivyotoka kiwandani. Jina la Pumzi lilitokana na hotuba yake moja, ambayo hata mlinzi wa getini anaijua kwa moyo: injini inaishi kwa pumzi, tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka, inaisukumia hewa, kemshafti inafungua na kufunga vali, na viwili hivyo visipopatana umejitafutia balaa. Wateja walikuja wameikodolea macho kemshafti ya mashindano, ile inayoifanya injini itetemeke kibabe gari likiwa limesimama. Mama aliuliza kwanza ukubwa wa tabo. Ikiwa ndogo, aliwafukuza kama kuku, nao walirudi baadaye kumshukuru. Mmoja alimletea zawadi ya saa ya ukutani; Mama akaifungua nyuma kabla ya kusema asante.

Na hakuna gari lililotoka getini kabla hajafungua boneti kwa mkono wake, hata kama kazi ilikuwa kubadilisha taa ya nyuma. Jambo hilo lilinitia wazimu miaka nenda rudi.

Sasa sikieni kioja. Kwa kumuaga, tulichukua kwa siri gari lake kuukuu, lenye tabo ndogo, tulitie makali. Mrithi wake, fundi aliyefundishwa na Mama mwenyewe, akafunga nini? Kemshafti ya mashindano! Jamani! Likanguruma vizuri, tukapiga makofi. Mama akalipeleka kwenye mlima ulio nyuma ya gereji. Likakohoa, likaishiwa nguvu, likapitwa na mkokoteni.

Alirudi, akazima injini, akashuka. Tulijua kitakachofuata: atavua gauni la sherehe, atavaa ovaroli, na mrithi ataipoteza meza kabla hajaizoea. Wala! Alivuta kiti, akaomba chai, akamtaka mrithi aeleze mwenyewe. Jasho likimtiririka, akaeleza: tabo ndogo inaubana moshi usitoke haraka, na kemshafti ile inaacha vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi wazi kwa pamoja muda mrefu mno, basi moshi unarudi ndani na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kisha mrithi huyohuyo akairudisha kemshafti ya zamani, sherehe ikasubiri hadi jioni, na keki ikabaki haijakatwa.

Mrithi alipomkabidhi funguo, tulisogea kumpisha Mama aende kwenye boneti. Hakwenda. Aliingia ndani, akafunga mkanda, akawasha, akaondoka. Hakuigusa! Mpika chai aliangusha birika. Mrithi alilia waziwazi, wala sikumcheka. Gari liliupanda mlima wote bila kusita, tabo ikipiga mluzi.

Mama, asante kwa kazi yako na kwa kelele zako. Njia yako iwe nyeupe, na afya isikupungukie. Jumatatu nilibadilisha taa moja ya nyuma, mrithi wako akanizuia getini, akafungua boneti.