Emiliana Ndunguru na Ukuta wa Akina Niemelä

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Mama Emiliana Ndunguru anastaafu tarehe 31 Machi 2026. Alianza na usafi na chai wakati kampuni yetu ya mbao ikiwa bado mtaa wa Deira katika mji huu wa Kiarabu, akahama nayo hadi maghorofa ya Jumeirah Lake Towers, na tangu 2011 ndiye pia mtunza majalada. Anatoka mtaa wa Al Nahda kila asubuhi na kufika kabla ya mabosi. Tumeandika kwa Kiswahili makusudi. Sir akitaka kujua tumesema nini, atafute mkalimani.

Sir ni Bwana Niemelä, Mfini mwenye kampuni, na maradhi yake ni jina lake. Ukuta mzima wa mapokezi umechorwa mti wa ukoo wenye watu mia nne na kumi na wawili, kutoka Ufini hadi Swideni na Amerika. Mteja akija kuulizia mbao, hulishwa kwanza nusu saa ya jina. Niemelä ni mahali penye rasi. Lilikuwa jina la shamba, na zamani kwao mtu aliyehamia na kulishika shamba alichukua jina la shamba, hata kama alitoka mbali. Sir aliyasema hayo huku Mama Emiliana akimmiminia chai, na hakuona yanavyomhusu Mama huyo.

Miaka saba Mama alituma barua za Sir kwa kila Niemelä aliyepatikana duniani, akayapanga majibu shamba kwa shamba. Ndipo akagundua kwamba rasi za Ufini ni nyingi. Hao “ndugu” walitoka mashamba kumi na tisa, wala hawakuwa na damu moja. Bibi mmoja wa huko aliandika pia kwamba babu mkuu wa Sir alikuwa kibarua wa kuja, akamwoa mjane mwenye shamba, akapata jina. Mama aliiweka barua hiyo mezani kwa Sir mara tatu. Ilirudi mara tatu bila kusomwa, imeandikwa “hifadhi”.

Tulimwomba Sir amwandike Mama pembeni mwa mti, maana nyumba hii ameishika yeye. Mama alilitaka hilo kwa moyo wote, wala hakuficha. Sir alicheka, akasema ule ni ukoo, si orodha ya wafanyakazi. Mama alilia jikoni, na sisi hatujasahau.

Novemba Sir aliwaalika “ndugu” arobaini hotelini. Kila mmoja akasimama na kutaja rasi yake, tofauti na ya Sir. Yule bibi akasimama wa mwisho na habari ya kibarua. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sir aliagiza keki.

Wiki hii ameleta zawadi ya kustaafu: nafasi kwenye mti, kwa herufi za dhahabu, Emiliana Niemelä. Mama aliweka birika chini.

“Sir, khalas, basi,” alisema. “Mimi ni Ndunguru. Shamba letu la kahawa liko Mbinga. Njoo ukae, ulime, na sisi tutakupa jina.”

Mama Emiliana, asante kwa kutulea sote humu ndani. Magoti yapone, kahawa izae, na sasa umiminiwe chai wewe. Uishi kwa heri na amani. Sir akifika na jembe, mpe upande wenye mteremko.

Doris wa mapokezi, kwa niaba ya wenzake